Watoto Waliosubiri Kuitikiwa

Mimi ni mwalimu wa darasa la pili, na nina hasira za karibu. Nalisema hilo mapema, nisije nikaonekana mpole kwa sababu tu naandika taratibu. Wilaya yetu ilipochaguliwa kujaribu upimaji mpya wa kusoma, na shule yetu ya huku Runazi ikawa miongoni mwa zile za kwanza, walimu wenzangu waliguna. Mimi nilifurahi. Darasa langu lilikuwa linasoma, na nilitaka watu wa wilayani waje walione.

Upimaji wenyewe haukuwa wa kalamu. Mpimaji angekaa stoo, kati ya majembe na magunia ya unga wa uji, na watoto wangeingia mmoja mmoja. Angempa mtoto karatasi yenye hadithi fupi, angebonyeza kishikwambi chake, na mtoto angesoma kwa sauti kwa dakika moja. Dakika ikiisha, yanahesabiwa maneno aliyosoma. Asiyesoma hata neno moja angekariri darasa.

Hadithi sikuwa nayo, kwa hiyo sikuwa na cha kuwafundisha. Nikaamua kuwafundisha adabu. Watoto wetu wengi nyumbani wanaongea Kisubi, Kizinza au Kirundi, Kiswahili wanakikuta shuleni, na sikutaka mgeni aondoke akisema hawana malezi. Kwa wiki mbili, kila baada ya uji, nilikaa kwenye kiti mbele ya darasa nikajifanya mpimaji. Mtoto anaingia, anapiga goti, anasema shikamoo, anatulia mpaka aitikiwe, ndipo anafungua mdomo kusoma. Marahaba nilikuwa naichelewesha makusudi, nione nani ana haraka. Aliyeanza kusoma kabla sijaitikia alirudi mwisho wa mstari.

Aliyeniweza ni binti mmoja mwembamba aliyelelewa na bibi yake. Nilichelewesha marahaba mpaka wenzake wakaanza kucheka, yeye kimya, macho chini, goti halijatikisika. Nikamsifu mbele ya darasa zima. Na kusoma alikuwa anajua kwelikweli. Kitabu cha darasa alishakimaliza, akawa anasoma maandishi ya mifuko ya saruji iliyotupwa nyuma ya choo kipya.

Bibi yake nilimfahamu. Walitoka Burundi zamani, wakati watu wanakimbia, wakalima hapa hadi wakawa wa hapa. Mama wa mtoto alikuwa ameolewa tena Mbuba, kule Ngara, amejifungua, na alitaka binti aende akamlee mdogo wake. Bibi hakutaka. Siku mbili kabla ya upimaji nilikutana naye sokoni akiuza maharage, nikamwamkia, akaniitikia, kisha akanishika mkono.

"Mwarimu, mama yake nimemwambia hivi: mtoto akiingia la tatu, anabaki kwangu. Akikariri, sina neno tena. Atamchukua."

"Bibi, la tatu huyo ameshaingia," nikamjibu. "Wewe uza maharage yako."

Mpimaji alikuwa kijana, shati limenyooshwa, mkimya. Aliniamkia vizuri tu. Akanieleza kwamba mwongozo hauruhusu mwalimu wa darasa kusogea karibu na stoo, nikakaa na watoto wangu darasani. Baada ya muda akarudi mtoto mmoja, mtundu kuliko wote, yule aliyekuwa anarudishwa mwisho wa mstari kila siku.

"Mwalimu," akasema kwa sauti, "yule mgeni haitiki!"

"Kaa chini na umbea wako," nikamkaripia. Akakaa.

Kesho yake mwalimu mkuu aliniita ofisini, akanisogezea orodha. Yule mtundu alikuwa wa kwanza. Chini kabisa walipangwa watoto kumi na wawili ambao hawakusoma hata neno moja, na mjukuu wa yule bibi alikuwamo. Niliisoma orodha mara tatu. Watoto wale kumi na wawili ndio waliokuwa watiifu kuliko wote darasani kwangu.

Nilipandwa na hasira. Nikasema yule kijana ni mzembe, hajui kazi, kishikwambi chake kibovu. Mwalimu mkuu aliniacha niseme mpaka nikachoka, kisha akaniambia nikawaulize watoto. Nikamwita binti pembeni ya darasa.

"Mbona hukusoma?"

"Nilikuwa nasubiri, mwalimu."

"Unasubiri nini?"

"Aitikie."

Ndipo nikaelewa. Mwongozo wa mpimaji ulimkataza kusema chochote zaidi ya maelekezo yaliyoandikwa. Alikuwa amesema "soma", akabonyeza, na mtoto akapiga goti, akasema shikamoo, akatulia. Dakika nzima ikaisha, mmoja amezuiwa na mwongozo, mwingine amezuiwa na mimi. Kijana labda alidhani mtoto amepatwa na hofu. Nilijisikia vibaya kuliko siku yoyote niliyosimama mbele ya watoto.

Mwalimu mkuu alipiga simu wilayani. Jibu likaja kwamba wanaweza kupimwa upya, mradi mwalimu wa darasa aandike barua aeleze alichofanya.

"Andika," akaniambia. "Ila ujue itakaa kwenye faili lako. Na ile nafasi ya kwenda kuwafundisha walimu wengine upimaji huu, usiitegemee."

Nafasi ile nilikuwa naitaka sana. Nilikuwa nimeshamwambia hata mume wangu. Barua ilinichukua mchana mzima, maana kila nikiandika "nilikosea" kalamu ilikuwa inatafuta sababu za kuongeza mbele yake. Mwishoni nikaliacha neno hilo peke yake, nikapeleka.

Asubuhi ya kurudia niliwapanga wale kumi na wawili nyuma ya darasa. "Leo ukiingia, usisalimie. Kaa, pokea karatasi, akisema soma, soma."

Binti alinitazama kana kwamba nimemtuma akaibe.

"Hata kama ni mtu mzima, mwalimu?"

"Hata kama ni mtu mzima. Ukinyamaza leo, unaenda Mbuba."

Sikupaswa kumwambia hilo la Mbuba, ila nilikuwa naogopa kuliko yeye.

Dakika chache baadaye ikafika bodaboda kutoka Nyamahanga, walikokuwa wamelala wapimaji. Safari hii mpimaji hakuwa yule kijana; akashuka mama mtu mzima, mwalimu mstaafu, kitenge kimefungwa vizuri, nywele nyeupe. Nilimwamkia, akaniitikia kwa kirefu, akauliza habari za nyumbani, za watoto, za mvua. Mwongozo uwepo usiwepo, huyu angeitikia kila shikamoo ya dunia hii. Nikataka kukimbia nikawaambie watoto wapige goti, nikaona nitawachanganya kabisa. Nikabaki nimesimama, na mlango wa stoo ukafungwa.

Fomu zilirudi baada ya siku mbili. Wote kumi na wawili walikuwa wamesoma, na binti alikuwa ameimaliza hadithi yote kabla ya dakika kuisha. Kwenye nafasi ya maoni, kwa mwandiko mzuri wa walimu wa zamani, yule mama alikuwa ameandika: "Anasoma vizuri kuliko wote niliowapima. Ila ameingia bila hata salamu. Mwalimu wa darasa aangalie malezi."

Mwalimu mkuu alicheka mpaka akavua miwani. Akaniuliza kama nataka kuandika majibu. Nikasema hapana, nikasaini, nikatoka kwenda kumtafuta mtoto. Nilimkuta bombani anaosha kikombe cha uji. Nikamwambia anaingia la tatu, na anabaki kwa bibi yake.

Hakurukaruka. Alikiweka kikombe chini, akafuta mikono kwenye sketi.

"Mwalimu, yule bibi aliyenipima alikasirika?"

Nikachuchumaa mpaka macho yetu yakalingana, nikamwambia kosa lilikuwa langu, mara ya kwanza na mara ya pili. Katika miaka yangu yote ya ualimu sikuwahi kumwambia mtoto maneno hayo, na yalinitoka kwa shida. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, ndipo akakubali kutabasamu.