Llamara: Mimi au Yeye

Ujumbe wa shemeji uliingia Jumamosi asubuhi, nikiwa kwa mama, kijijini Mdandu, tunapukuchua mahindi. Shemeji ni Mhispania, mume wa mdogo wangu, na tangu wahamie kwao hakuwahi kuniandikia. Ulikuwa mstari mmoja: *Tu hermana no quería que te llamara.*

Nikauweka kwenye programu ya kutafsiri. Simu ikajibu: "Dada yako hakutaka kukupigia."

"Anasemaje?" mama akauliza.

Nikamsomea. Laiti ningalinyamaza. Gunzi lilimdondoka mkononi.

"Hakutaka? Tumemkosea nini?"

Wiki tatu zilikuwa zimepita mdogo wangu hapokei simu. Ukungu ulikuwa bado umelala shambani. Mama akarudia mahindi yake bila kunitazama.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi Makambako. Kihispania alikuwa akinifundisha mdogo wangu huyohuyo, kwa sauti alizorekodi na kunitumia, nami naandika kwenye daftari. Nililitoa mkobani. Somo la mwisho lilikuwa *llamar*, kupiga simu.

"Hii rahisi, dada," alisema siku ile. "Chukua *llamaron*, yaani walipiga. Kata *ron*. Halafu bandika *ra, ras, ra, ramos, rais, ran*."

Nikaandika upya: *llamara, llamaras, llamara, llamáramos, llamarais, llamaran*. La kwanza ni la mimi, la tatu ni la yeye, na yanafanana kabisa. Nilikuwa nimemuuliza nitayatofautishaje.

"Tazama nani anataka," alijibu. "Mtu asipotaka kufanya jambo yeye mwenyewe, umbo hili halitumiki. Hili ni la mmoja kutaka, mwingine afanye."

Asiyetaka alikuwa mdogo wangu. Basi "mimi" ni shemeji aliyeandika; ndiye aliyezuiwa kupiga. Kumbe kulikuwa na jambo la kupigiwa simu.

"Mama, simu imekosea. Ni yeye aliyemkataza mumewe asinipigie."

"Amkataze kwa nini?"

Nikapiga. Shemeji alipokea papo hapo, akashusha pumzi, akampa mkewe simu. Kisha ikaja sauti ya mdogo wangu, nyembamba.

"Dada, usiweke spika."

Nikazunguka nyuma ya jiko.

"Nina uvimbe kichwani. Jumatatu wananipasua. Mama asijue mpaka yaishe."

Niliporudi, mama alikuwa amesimama wima. "Ni mzima?"

"Ni mzima. Simu yake tu iliharibika."

Akaitikia kwa kichwa, akaketi, akaanza kupukuchua gunzi lisilo na punje hata moja.

Mdogo wangu alizinduka Jumanne, na siku hiyo ndipo nilipomweleza mama ukweli. Hakulia wala hakunigombeza. Madaktari wanasema uvimbe haukutoka wote. Siku hizi shemeji akipiga, mama huzima redio kwanza, kisha ananikazia macho usoni kabla sijapokea.