Vijiti vya Machungwa Kutoka Itebero

Ninyi vijana munaokata muti sababu tu haukuwapa kitu mwaka huu, kaeni chini musome. Nilienda Itebero na hasira, nikarudi, hasira ikaongezeka.

Ilikuwa miaka ya kwanza ya uhuru. Marehemu bwana yangu aliniachia hapa Nyamitaba, katika Masisi, miti mine ya machungwa, aliyoiotesha kwa mbegu. Ilizaa machungwa machungu kama dawa ya minyoo. Shemeji yangu, Papa Bahati, akafika na shoka.

"Mama, miti hii inakula udongo bure. Tupande maharagi."

"Ngoja kwanza. Kule misheni ya Itebero iko mama mumoja Muingereza anayejua kufunga tawi tamu juu ya muti muchungu."

"Ukirudi mikono mitupu, ninakata."

Asubuhi yake nilipanda kamio ya mizigo mupaka Walikale, juu ya magunia. Kutoka pale, miguu. Pori ile haina huruma na magoti ya mutu wa milima. Nilitembea nikimutukana Papa Bahati kila penye matope.

Itebero nilimukuta yule Muingereza, muzee kama mimi, mikono imejaa udongo. Alinionyesha: unakata shina, unalipasua, unachonga kijiti na kukiingiza, ganda liguse ganda. Unafunga kamba. Halafu unapakaa udongo uliokanyagwa pamoja na majani makavu na mavi.

"Njo vile wazee wa kwetu walifanya zamani sana," akasema.

"Mavi ya nini?"

"Ya farasi ao ya ngombe. Hapa ninatumia ya mbuzi, na udongo unapasuka."

Nikakasirika. "Mavi ya ngombe iko kwangu mupaka mulangoni, na mimi nimekuja kuitafuta huku?"

"Mama, mavi unayo, vijiti njo hauna," akajibu, akicheka.

Alinikatia furushi ya vijiti vya muchungwa wake mutamu, akaitoa majani, akaifunga ndani ya majani ya mugomba yenye maji.

Njiani kurudi, kwenye barieri ya kufunga barabara, askari mumoja aliifungua furushi. "Mama, unatoka porini unabeba kuni mupaka Masisi? Kwenu miti imeisha?" Wenzake wakacheka. Nikafunga tena, nikapita, maana walikuwa na bunduki.

Nyamitaba nilifika jioni. Niliweka furushi kwenye kivuli cha mulango, nikalala kama jiwe. Asubuhi haikuwa pale. Furaha, bibi aliyeolewa na mutoto wangu, akaingia na jembe, uso unangaa.

"Mama, pumuzika tu. Mihogo yako nimesha kuipanda yote."

"Mihogo gani?"

"Ile ya Walikale. Nikasema, kumbe muhogo wa pori uko na miiba."

Alivizika vyote kwenye matuta. Kwetu kijiti kikibebwa kutoka mbali ni cha kuzika, nani angemwambia kingine? Mimi sikumwambia mutu neno. Nilijifunza pale kwamba mbegu bila maelezo yake ni kuni, yule askari alisema kweli. Lakini Papa Bahati alisimama kwenye shamba na shoka yake, anacheka mupaka machozi, na hiyo sikuivumilia.

"Furaha, fukua vyote, uweke ndani ya maji. Shemeji, acha shoka, leta musumeno, ukate mashina ya ile miti mine kwa kimo cha goti. Watoto, mukanyage udongo na mavi. Na moto hauwashwi katika nyumba hii mupaka kijiti cha mwisho kifungwe."