Aliyefuta somo langu la Kinande anataka nimsemee kwenye posa

Admin, jina langu liache pembeni, Butembo ni ndogo. Nina miaka themanini na moja. Moyo wangu umechoka, na daktari siku hizi anazungumza na wanangu badala yangu. Nataka kulisema hili nikiwa bado na pumzi.

Nilifundisha Kinande na Kiswahili chuo kikuu hapa mjini hadi nilipozeeka. Aliyelifuta somo la Kinande ni doyen mmoja, yaani mkuu wa kitivo, ambaye mimi mwenyewe nilimfundisha. Hakuniita ofisini kwake. Aliingia darasani nikiwa mbele ya wanafunzi, akasema, "Mzee, na hii Kinande yako batoto batafika wapi? Kule Kyavinyonge ziwani, kununua samaki?" Darasa zima likacheka. Nikakusanya vitabu vyangu huku wanacheka, na chumba changu kikawekwa mashine ya fotokopi.

Kicheko kile bado nakisikia.

Mwezi uliopita alikuja kwangu na kuku na mfuko wa mchele. Binti yake anaposwa na familia ya Lubero, watu wanaoshika desturi sana. Wao hutoa neno lao kwa mithali za Kinande, na upande wa binti lazima ujibu vivyo hivyo. Ukishindwa, wanainuka bila kuonja chakula na posa imekufa. Kaka mkubwa wa doyen, aliyekuwa msemaji wa ukoo, amefariki. Yeye nyumba yake ameilea kwa Kifaransa.

"Mzee wangu, ukuwe musemaji wetu," alisema. "Bale bazee habapende français. Mimi, Kinande yangu ni ya kusalimia tu."

"Nitakuja," nikamjibu. Akanishika mikono yote miwili.

Hajui ninaendea nini. Nimepanga nisimame, wageni wamalize neno lao, kisha nimwoneshe yeye kwa mkono na kusema kwa Kinande safi kwamba mwenye nyumba atajibu mwenyewe. Halafu nikae, nimtazame akitafuta maneno.

Jumapili binti mwenyewe, muuguzi kule Beni, alikuja kunisalimu. Aliniita Sokulu, yaani babu, akaomba nimfundishe kuwaamkia wakwe. Alirudia kila neno mpaka likakaa kinywani. Alipoondoka, mke wangu akaniuliza, "Na huyu mutoto, alikukosea nini?"

Hasira ilizidi, maana hata somo lile la maamkizi atakayelivuna ni baba yake.

Msiniambie nisamehe. Padri ameshaniambia, nami nilimkubalia kwa kichwa tu. Nikisema, mtu yule atatoka pale na heshima iliyotengenezwa na kinywa changu. Nikinyamaza, aibu yake itamwangukia binti, nami sitaishi muda wa kuirekebisha.

Jumamosi gari lao linakuja kunichukua. Nishaurini, nifanye nini? Mnijibu upesi, kwa sababu mpaka sasa kunyamaza ndiko ninakokuona kutamu.