Kiti Kisichokaliwa

Nilitoka Malaba kwenye lori la mbao, nikiwa na begi la zana na nia ya kufika Olkaria, ambako zamani nilifanya kazi kwenye mabomba ya mvuke na sasa nilisikia wanaandika watu tena. Lori likafia Salgaa. Nilikaa kwenye loji ya mabati nikisikiliza madereva wakitaniana na wauza chai, hadi dereva wetu aliponiambia gia imekwisha kabisa. Nikapanda pikapu ya maziwa iliyokuwa ikirudi tupu Olenguruone. Sikuwa na mtu huko. Ndivyo nilivyoishi: pahali nisipojulikana pananivuta kuliko pahali ninapongojwa.

Baridi ya milima ya Mau ilinipokea vibaya. Mama mmoja mzee, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama, aliposikia mimi ni fundi alinipa chumba nyuma ya nyumba yake. Kesho yake akanipeleka kwenye ukumbi wao, jengo la mbao ambalo upande wake mmoja ulikuwa chekechea. Mbele kabisa, chini ya vitambaa vyeupe vilivyofumwa kwa mkono, kulikuwa na kiti.

"Mguu mmoja unacheza," akasema. "Tengeneza. Lakini usikikalie."

"Sasa nitajuaje kimepona, mama?"

"Weka gunia la viazi."

Nikaweka gunia la viazi.

Kiti hicho alikikalia mke wa rais, zamani, mimi sijazaliwa, alipokuja kufungua ukumbi. Mama alikuwa msichana katika safu ya wachezaji. Alinisimulia jikoni, tukimenya viazi, na kila mara alianzia mbali. Mwanzoni, alisema, wake wa marais walikuwa watu wa kusimama nyuma na kupunga mkono. Hakuna sheria iliyowapa kazi. Lakini akina mama wakaanza kuwaimbia. Ombi hungeweza kumwambia rais mbele ya mkuu wa wilaya. Wageni wakishaondoka, mkuu wa wilaya angekuandama. Kwa hiyo ulilitia kwenye wimbo, ubeti wa mwisho, ukimtazama mke. Akitikisa kichwa kukubali, mkuu wa wilaya alikuwa amekwisha kuona, na maji yalikuja.

"Ile kazi yake sisi ndio tuliompa," aliniambia. "Aliikuta kwetu, kwenye vumbi la ngoma."

Siku ile waliimba juu ya ploti, kile kiwanja cha ukumbi. Mgeni akatikisa kichwa. Basi, ploti ikawa yao, na hakuna aliyekwenda kutafuta hati. Kutafuta hati kungekuwa kumwita mke wa rais mwongo. Walichofanya ni kukitunza kiti.

Niliishi pale muda mrefu kuliko nilivyozoea. Halafu asubuhi moja wakaja vijana wawili na mashine ya kupima ardhi.

"Niaje, boss," mmoja akanisalimu. "Mwenye ploti ametutuma tuweke alama."

Mama akatoka ukumbini akijifuta mikono. "Wenyewe ni sisi. Tulipewa na Mama."

"Mama nani, mathe?"

"Mke wa rais."

"Huyu wa sasa?"

"Wa zamani."

Vijana wakatazamana. "Na huyo alikuwa na ofisi gani?" akauliza yule wa pili, bila dharau.

Mama akaendelea kujifuta mikono.

"Alikuwa na bwana," akajibu mwanamke mmoja nyuma yake. Wote wakacheka, hata vijana. Mama hakucheka. Jioni hiyo hakumenya viazi.

Lilibaki jaribio moja. Mke wa mheshimiwa mmoja alikuwa anakuja sokoni kukutana na vikundi. Akina mama wakafanya mazoezi ya wimbo wiki nzima, nami nikabeba kiti mgongoni hadi kwenye hema la mgeni. Mgeni hakukikalia, alikuwa amewekewa chake, cha plastiki, kimevishwa kitambaa kinachong'aa. Aliposikia ngoma akashuka na kucheza nao, msaidizi wake akimpiga picha kwa simu. Ubeti wa ploti ukafika. Mama akamkazia macho. Mgeni akatikisa kichwa.

"Umeona?" Mama aliniuliza njiani kurudi ukumbini, na sauti yake ilikuwa ya msichana. "Ametikisa."

Nilikuwa nimeona. Alitikisa kichwa tangu ubeti wa kwanza, akifuata ngoma, akatikisa kwa kikundi kilichofuata pia. Kiti kilikuwa kizito, nikakitumia kama sababu ya kunyamaza.

Uzio ulikuja, wa mabati marefu. Watoto wa chekechea wakahamia kanisani. Waliovunja ukumbi walitoa mbao nje, lakini kiti hakikutoka.

Siku niliyoondoka, nikiwa na begi langu nikingoja pikapu ya maziwa, lango la uzio lilikuwa wazi. Mlinzi alikuwa amekaa langoni, juu ya kiti kile kile, na kikombe cha chai mkononi. Mama akaja kutoka nyumbani kwake. Nilifikiri angemfukuza.

"Simama kidogo, kijana wangu," akamwambia.

Mlinzi akasimama, ameshangaa. Mama akatandika kitini kitambaa cheupe kilichofuliwa, akanyoosha pembe zake nne.

"Sasa kaa. Usimwage chai."

Mlinzi akakaa, na ule mguu haukucheza. Pikapu ikaja. Nilipanda nyuma katikati ya madebe, nikageuza uso upande wa Molo, na sijarudi tena.