Marselina na Nyumba ya Mlango wa Maji

Marselina binti Thadeo alizaliwa katika nyumba ambayo haikuwa ya kwao, akaishi humo miaka arobaini na miwili, na siku alipoambiwa inabomolewa hakuwa na karatasi hata moja ya kuonyesha kwamba ana neno juu yake.

Nyumba yenyewe ilikaa juu ya tuta la mfereji, upande wa Janga, mahali ambapo maji ya mto Ruvu yalichepushwa zamani kunywesha shamba la mpunga la mlowezi wa Kigiriki. Kuta zake zilikuwa za mawe na chokaa, msingi wake umeshuka mpaka ndani ya mfereji, na paa lake lilikuwa la bati zito la kizamani, ambalo mvua ikilipiga watu hawasikilizani. Hatua sita kutoka kibarazani palikuwa na mlango wa maji: bamba pana la chuma, linapandishwa na kushushwa kwa gurudumu la kuzungusha kwa mikono miwili. Ukiufungua, maji ya mfereji yanamiminika bondeni kwenye mpunga. Ukiufunga, yanabaki yamezuiliwa na tuta.

Mlinzi wa mlango huo alikuwa Thadeo, baba yake Marselina, tangu kabla ya vita vya Hitila. Hakusoma ila katekisimu na hesabu kidogo za misheni, lakini kila masika, maji yalipofika juu kabisa, alichukua patasi akachonga mstari kwenye msingi wa nyumba, na pembeni yake akaandika mwaka. Mstari wa juu kuliko yote ulikuwa wa mwaka wa arobaini na saba. Mwaka huo mlowezi alikataa mlango usifunguliwe kwa sababu mpunga ulikuwa karibu kuvunwa. Alasiri tuta lilipasuka upande wa pili, maji yakazoa kambi ya vibarua. Watu kumi na mmoja walizikwa kwa siku moja. Marselina alikuwa msichana wa miaka kumi na mitano, naye aliwaona wote wakipitishwa.

Thadeo alifariki mwaka uliotangulia Azimio la Arusha. Mlowezi akaondoka, shamba likawa mali ya umma, halafu likaota magugu. Marselina, ambaye mumewe Cornel alikuwa ameshakufa na binti yake Ursula ameolewa Dar es Salaam, alibaki pale. Hakuna aliyemtuma, lakini kila mwezi alipaka grisi gurudumu, akalizungusha kidogo kulia, kidogo kushoto, lisije likagoma.

Kiangazi cha mwaka wa sabini na nne ikaja operesheni ya vijiji. Watu wa mabonde na vichaka wakaambiwa wahamie kijiji kipya, Juhudi, kilichopimwa kwa kamba, nyumba zimesimama safu kwa safu. Kilipimwa palepale ilipokuwa kambi ya vibarua, chini ya tuta. Marselina alisimama mkutanoni akasema.

"Pale pana makaburi ya mafuriko. Tusogee juu kidogo, hata mwendo wa dakika kumi tu."

Katibu Kata, kijana wa bara aliyeitwa Leodegar, mwenye sauti ya kuzoea vipaza sauti, alimjibu kwamba kupinga eneo ni kupinga kijiji. Marselina akaketi. Siku ya kuhama alikuwa wa kwanza kubeba vyombo vyake, akajenga kibanda cha udongo safu ya tatu, ili asipatikane mtu wa kusema kwamba amekaidi.

Akadhani yamekwisha. Wiki mbili baadaye Leodegar alimkuta anatwanga.

"Ndugu Marselina, ile nyumba ya tutani itabomolewa Jumatatu. Bati zitaezeka ofisi ya kijiji, mawe yatajenga ghala."

Marselina aliuweka mchi chini. "Na mlango wa maji utalindwa na nani?"

"Mlango wa nini tena? Mlowezi si amekwenda zake?"

"Mto haujakwenda."

"Mama, hatuwezi kutunza makumbusho ya wakoloni wakati wananchi hawana ofisi."

"Mawe yale waliyabeba babu zetu vichwani, mwanangu. Mkoloni alinyoosha kidole tu. Mkiibomoa nyumba, msingi utalegea, na mlango umeshikwa na msingi huohuo."

Leodegar alitazama saa yake, akaaga.

Alhamisi ya wiki hiyo alikuja Stellamaris, muuguzi aliyekuwa akifika kijijini kwa baiskeli mara mbili kwa mwezi kupima watoto. Alikuwa akiwapimia juani, mizani imetundikwa kwenye boriti ya kibaraza cha mwenyekiti, na dawa alirudi nazo jioni kwa kuwa hapakuwa na chumba chenye kufuli. Marselina alimchukua, akampandisha tutani, akamfungulia vyumba vitatu kimoja kimoja. Ndani mlikuwa na baridi kama mtungini.

"Sakafu ya saruji," Stellamaris alisema, akiinama kuigusa. "Milango ina makomeo. Kwa nini hakuna aliyeniambia?"

"Wanaibomoa Jumatatu."

Stellamaris aliandika barua palepale, ameiegemeza karatasi ukutani, kwenda kwa mganga mkuu wilayani Kisarawe. Lakini barua haina mbawa. Jumatatu wabomoaji walifika na ngazi na mitaimbo kabla ya jibu lolote. Walianza na jiko. Bati zilikuwa zikilia moja baada ya nyingine, na Marselina akasimama chini, mikono ameikunja kifuani. Walipofika bati la kumi na mbili alikwenda kwa mwenyekiti wa kijiji, Mzee Mfaume, mtu mpole aliyeogopa serikali na kuogopa maneno ya watu kwa kiasi kilekile.

"Shikamoo baba. Barua ya zahanati imeshafika Kisarawe. Jibu likija nyumba haipo, ataulizwa nani? Katibu atahamishwa kesho kutwa. Wewe utakuwepo."

Mzee Mfaume akatuma mtu kuwaambia wabomoaji washuke. Leodegar alifura, lakini barua ya wilaya naye aliiogopa. Akatoa muhula: mpaka masika yaishe. Jibu lisipokuja, nyumba inashuka mpaka jiwe la mwisho.

Jibu halikuja. Yaliyokuja ni masika.

Mwaka huo wa sabini na tano yalianza taratibu, mpunga wa shamba la kijiji ukasitawi bondeni hata watu wakawa wanakwenda kuutazama tu. Kisha katikati ya Aprili mvua ikanyesha siku tano, na mto ukajaa ukarudisha maji mferejini. Siku ya sita, asubuhi, Marselina alipanda tutani akakuta maji yako vidole viwili chini ya mstari wa arobaini na saba. Alikaa akiyatazama. Kufika saa nne yalikuwa yameugusa.

Akamwendea Mzee Mfaume mbio, nguo zimemganda mwilini. "Baba, nifungue mlango."

"Maji yaende wapi?"

"Bondeni."

"Kwenye mpunga?" Mzee Mfaume alishika kichwa. "Umebakiza wiki tatu, mwanangu! Ndicho chakula cha kijiji kizima. Na katibu amesema asiuguse mtu mlango ule bila yeye. Ngoja nitume mtu kata akamuulize."

"Njia ya kata imekatika tangu jana."

"Basi tungoje maji yapungue. Mungu ni mkubwa."

Marselina alirudi tutani peke yake. Alipita upande wa kijiji, akainama, na pale chini ya tuta, sawa na safu ya kwanza ya nyumba, akaona maji yakichuruzika kutoka kwenye udongo, membamba kama ya birika, yenye rangi ya kahawa. Akakumbuka baba yake alivyokuwa akisema: maji yakitoka safi, usiogope, yakitoka na udongo, tuta linaliwa ndani. Moshi wa majiko ulikuwa ukitoka kwenye nyumba. Wanawake walikuwa ndani wanapika.

Jirani yake Mwishehe, fundi wa vitanda, alikuwa amemfuata. Marselina hakumwomba kitu. Alimwonyesha yale maji tu. Mwishehe akayatazama, akavua shati.

Gurudumu lilikubali robo mzunguko, likagoma. Wakalirudisha nyuma, wakalivuta tena, Marselina amekanyaga ukuta wa mlango kwa mguu ili apate nguvu, ngozi ya viganja ikichubuka. Watu walianza kukusanyika chini. Mwanamke mmoja, Yosefina, ambaye ndiye aliyesimamia zamu za palizi tangu mbegu ya kwanza, alipanda tutani akipiga kelele.

"Marselina, acha! Acha, tutakula nini? Mwanao yuko mjini wewe, wangu watakula nini?"

Alimshika bega. Marselina hakugeuka. Gurudumu likaachia ghafla, bamba likapanda, na maji yakatoka kwa ngurumo iliyotikisa kibaraza. Yosefina alimwachia, akakaa chini matopeni na kulia. Kabla ya adhuhuri bonde lote lilikuwa ziwa, na hakuna hata suke moja lililoonekana.

Tuta halikupasuka. Na hapo ndipo balaa ilipomwangukia, kwa sababu tuta lisipopasuka nani atakuonyesha kwamba lilitaka kupasuka? Jioni maji yalishuka, nyumba zote zimesimama kavu, na watu wakatazama kule bondeni, kisha wakatazamana. Siku ya pili yake Leodegar alifika akiwa na mgambo wawili, viatu ameshika mkononi.

"Hii ni hujuma," alisema mbele ya watu. "Alipinga kijiji tangu mwanzo. Sasa ameua chakula chake."

Mzee Mfaume aliinamisha uso. Mwishehe alitaka kusema, Marselina akamtikisia kichwa. Wakamchukua mpaka ofisi ya kata, wakamfungia stoo ya jembe na mbolea siku tatu, anapelekewa uji na mke wa mgambo. Alipoulizwa alijibu hivyohivyo kila mara: maji yalifika kwenye mstari, nikafungua. Mstari gani? Nendeni mkauone. Usiku alijiuliza kama kweli lingepasuka. Hakuwa na hakika. Jambo hilo hakumwambia mtu kwa miaka mingi.

Siku ya nne alikuja Bwana Maji wa wilaya, mtu mzima aliyeitwa Anselmi, ametumwa kukagua hasara ya mpunga. Leodegar alitaka kumpeleka bondeni moja kwa moja. Anselmi akauliza kwanza ulipo mlango uliofunguliwa. Mwishehe ndiye aliyempandisha tutani, akamwonyesha msingi wa nyumba na mistari yake: zaidi ya ishirini, kila mmoja na mwaka wake. Anselmi alichuchumaa pale karibu saa nzima, daftari gotini, akinakili. Kisha akashuka upande wa kijiji, akachomeka fimbo pale palipochuruzika. Fimbo ilizama yote mpaka kwenye ngumi.

Aliomba kijiji kikusanywe, na huyo mwanamke aletwe.

"Tuta hili ndani ni tupu," aliwaambia. Hakupandisha sauti. "Safu mbili za mbele, pengine tatu, zingeondoka. Mmepoteza mpunga, na mimi nitaandika kwamba mnahitaji chakula. Kuhusu nyumba hii, ofisini kwangu sina kitabu chenye habari za mto huu kama ukuta ule. Nitaandika pia kwamba isiguswe."

Hakuna aliyeshangilia. Watu walikuwa wakiitazama ile fimbo. Leodegar alimwambia Marselina, "Unaweza kwenda nyumbani, ndugu," na hilo ndilo lililokuwa neno lake la mwisho kwake. Mwaka uliofuata alihamishiwa Rufiji. Bati kumi na mbili zilibaki kwenye ofisi ya kijiji, na jiko la nyumba ya tutani likaezekwa makuti.

Safu mbili za mbele zilihamishiwa mwinuko. Mwezi wa Julai Stellamaris alipata ufunguo: chumba cha kwanza kikawa cha kupimia wajawazito na watoto, cha pili kikawa darasa la watu wazima kila alasiri, cha tatu kikawa cha grisi, kamba na patasi. Marselina aliwafundisha gurudumu Mwishehe na wanawake wawili. Kila masika alichonga mstari.

Lakini mwaka ule watu walikula unga wa njano wa msaada, nao haukutosha, na wapo waliouza mbuzi wao wa mwisho. Yosefina hakumsalimu Marselina tena. Wakikutana kisimani aligeuza uso, na Marselina alimpisha achote kwanza.

Miaka tisa ikapita hivyo. Siku moja ya kliniki, Stellamaris akiwa na shughuli ya mzazi chumbani, Marselina ndiye aliyekuwa akisoma mizani kibarazani. Foleni ilisogea, akainua macho, akamwona Yosefina na mjukuu mgongoni. Yosefina alisimama kidogo, kisha akamfungua mtoto kwenye kanga, akamkabidhi. Marselina alimtundika, akangoja mshale utulie.

"Kilo sita na nusu," alisema.

"Mwezi uliopita alikuwa na sita," Yosefina alijibu.

"Basi anakula."

Yosefina alimpokea mtoto, akamfunga mgongoni, na akakaa kibarazani kungoja kadi yake.