Niliuambia Mlango

Kwa mila yetu Wanyakyusa, mkwe hamtazami baba mkwe wake usoni. Wakikutana njiani, yeye hujitenga migombani mpaka mzee apite. Mke wa mwanangu aliishika mila hiyo sawasawa, hata tulipokuwa kazini pamoja katika kiwanda kimoja cha chai huku Tukuyu. Serikali ilikuwa imekwisha kukiuza kwa mtu binafsi, na kila wiki tulisikia kuna watu watapunguzwa. Yeye alichambua chai. Mimi nilikuwa mwakilishi wa wafanyakazi, na mwenye malalamiko alitakiwa aanzie kwangu.

Adhuhuri moja alikuja ofisini kwangu akasimama nje, kanga kichwani, amenipa mgongo.

"Naongea na mlango," alisema. "Mlango, usikie. Msimamizi wetu ananishika kiuno kila nikiinama. Nimemkataza mara tatu. Jana kaniambia nimfuate stoo, nisipokwenda jina langu litaingia kwenye orodha ya wanaopunguzwa."

Nilielewa kila neno. Nami nikauambia mlango, "Yule bwana kabila lake na letu ni watani. Huo ni utani tu. Mtu ajifunge kanga vizuri, afanye kazi."

Kisha akasema, "Ndaga, mlango," yaani asante, akaondoka.

Niliiogopa ile orodha, kwa sababu hata jina langu lingeweza kuingia. Lakini nilijidanganya kwamba nalinda heshima, kwamba mambo ya kiunoni hayasemwi kati ya mkwe na baba mkwe. Mila iliyowekwa ili yeye astahiwe, mimi nilijifichia humo.

Yeye hakunyamaza. Aliandika kwenye daftari siku, mahali, maneno aliyoambiwa na nani alikuwa karibu. Wenzake wawili, mmoja wa Kyimo na mwingine wa Mpuguso, walipoona anaandika wakasema na yao. Wote watatu wakaenda kwa meneja, naye akaitisha kikao, nami nikiwemo.

Msimamizi alicheka. "Jamani, siku hizi hata utani ni kosa? Hawa dada zangu hawajui kutaniwa?"

"Mtani hutaniwa akajibu," alisema mkwe wangu. "Mimi nikijibu nafukuzwa kazi. Huo ni utani gani?"

Meneja akamuuliza mkwe wangu kwa nini hakuanzia kwa mwakilishi. Hapo akageuka, akanitazama usoni, mara ya kwanza tangu aolewe. Akina mama wakashika midomo.

"Baba, niliuambia mlango. Leo nakuambia wewe."

Nikasimama. "Ni kweli. Alikuja kwangu, nikasema ni utani. Nilimsikia vizuri. Niliogopa."

Msimamizi aliondolewa wiki ileile. Mkwe wangu alibaki kazini, na baadaye wafanyakazi wakamchagua yeye kuwa mwakilishi mahali pangu. Sijawahi kufurahia kushindwa namna ile.

Wazee wa ukoo walidai kuku, faini ya mkwe kumtazama baba mkwe. Nilimkamata jogoo wangu nikampeleka mwenyewe.

"Aliyekosa ni mkwe. Wewe jogoo wa nini?" mmoja akauliza.

"Aliyekosa ni mimi," nikasema. "Pokeeni."

Mpaka leo tukikutana njiani hujitenga migombani. Lakini sipiti. Navua kofia, natazama pembeni, naiambia migomba, "Mwambieni apite kwanza."

Naye hupita.