Kaburi Tupu la Baba

Jumapili iliyopita, hapa Sagalla, mhubiri kijana alisema kaburi lilikutwa tupu na mashahidi walikuwa wakweli, basi ufufuo hauna ubishi. Watu wakaitikia amina. Mimi nikasikia harufu ya udongo uliofukuliwa.

Nilikuwa msichana mdogo nilipolikuta kaburi la baba limebaki shimo. Hoja hiyo hiyo nilikuwa nimefundishwa kanisani, kwa hiyo nilikimbia nyumbani nikipiga kelele, "Mama, baba amefufuka!"

Mama aliendelea kupepeta mahindi. "Baba mkubwa amechukua fuvu la baba yako, akaliweka pangoni pamoja na ya wazee wetu," alisema. "Ndiyo desturi. Nyamaza, mwanangu."

Sikumwamini. Jioni nilimwekea baba sahani ya kimanga, mihogo iliyopondwa na maharagwe, mlangoni, na asubuhi nikaikuta imejaa sisimizi.

Nilikuwa shahidi mkweli. Baba hakuja.